Kona ya Dada: Kamera Inayokuonyesha Picha Kabla Hujaipiga

Barua yako kutoka Bungu nimeisoma, mdogo wangu.

Wasomaji wengine niwape kisa kwa ufupi tusiachane njiani. Binti huyu anapiga picha za sherehe huko Bungu, wilaya ya Korogwe. Ni Bungu ile ya milimani, jirani na mashamba ya chai, wala si Bungu ya Kibiti wanayoijua watu wa Pwani. Kwa miaka kadhaa amefanya kazi na Canon 600D ya mtumba. Sasa kaka yake aliyeko Muscat amemletea Canon EOS R50, mpya, bado inanukia boksi. Ameiwasha, ameweka jicho kwenye kitundu cha kuchungulia, akashtuka. Anasema aliona "kama televisheni ndogo" na akadhani imeharibika. Alipomweleza fundi mmoja wa studio huko bondeni, akaambiwa hiyo ni kamera ya watoto wa mitandaoni, ya kazi ni ile ya zamani. Anauliza: aitunze au aiuze ingali mpya?

Usiiuze. Ila nikueleze kwa nini, kwa sababu sababu zenyewe sizo zilizoandikwa kwenye boksi. Nami nimekuwa nikitembea na kamera ya aina hiyo hiyo kati ya Soni, Bumbuli na huko kwenu, kwa hiyo nakusimulia niliyoyaona.

Tuanze na hiyo televisheni. Kwenye 600D yako mwanga unaingia kwenye lenzi, unagonga kioo kidogo kilicholala mshazari, unapanda juu mpaka jichoni kwako. Unachokiona ni mwanga wenyewe wa Bungu. Ukibonyeza, kioo kinaruka, unasikia ule mlio, picha inapigwa. Kwenye R50 hicho kioo cha kuruka hakipo. Mwanga unakwenda moja kwa moja kwenye sensa, sensa inapeleka taarifa kwenye skrini ndogo sana iliyofichwa ndani ya kitundu, yenye nukta milioni 2.36, nawe unatazama hiyo skrini. Kwa hiyo macho yako hayakukudanganya, umeona televisheni kweli. Na huyo fundi mwambie kwa heshima kwamba amechelewa kidogo. Panasonic walitoa Lumix G1 yenye kitundu cha namna hii mwaka 2008, Sony wakaja na A7 mwaka 2013, na ilipofika 2018 Nikon na Canon nao wakahamia huko na kamera zao kubwa. Leo wapiga picha wa mpira na wa habari duniani wanazitumia.

Siku za mwanzo utaichukia. Nakuambia mapema usije ukadhani ni wewe tu. Rangi zinaonekana zimekolea kuliko zilivyo, majani ya chai yanakuwa kijani cha tangazo, na ukigeuza kamera haraka picha inakokota nyuma kidogo. Usiku ni taabu zaidi: kitundu kinajaa chengachenga, na mtu akiruka kwenye ngoma ya mdumange unamwona akiwa ameshatua. Mwanga wa kweli hauchelewi, umeme unachelewa. Dawa yake ni kuacha jicho la pili wazi na kumtazama mchezaji mwenyewe, kitundu ukakitumia kupanga fremu tu. Kuna mpangilio pia kwenye menyu unaokifanya kiende laini zaidi. Kitu chenyewe kinakula betri, nitafika huko.

Sasa nije kwenye sababu hasa ya kukukataza kuiuza, nayo ni ukungu.

Asubuhi za Bungu unazijua. Ukungu unapanda kutoka bondeni, unalala juu ya chai, migomba inatokeza vichwa tu. Wateja wanaupenda, kila bibi harusi anataka apigwe hapo. Lakini kila kamera ina kipimo cha mwanga ndani yake, na kipimo hicho hakijui kama mbele yake kuna mtu au gunia la mkaa. Kimezoeshwa kudhani kwamba mandhari yoyote, ukiyachanganya yote pamoja, yatatoa kijivu cha wastani. Za siku hizi zimefundishwa kutambua uso na zinajitahidi, lakini weupe ukizidi kwenye fremu tabia ya zamani inarudi. Kipimo kinaona mwanga mwingi, kinapunguza. Ukungu unatoka kama moshi wa kuni mbichi, na uso wa mama yetu mwenye weusi wake mzuri unakuwa kivuli chenye meno.

Na 600D unafanyaje? Unapiga, unashusha kamera, unatazama skrini ya nyuma, unaona giza, unaongeza mwanga, unapiga tena. Wakati huo tabasamu limekwisha, shangazi ameingia kwenye fremu, na ukungu wenyewe umehama. Kwenye kitundu cha umeme unaona uso ukiingia giza kabla hujabonyeza chochote. Weka kamera kwenye Av, ongeza fidia ya mwanga mpaka +1, ukungu ukiwa mzito panda zaidi kidogo, huku jicho halijatoka kwenye kitundu. Utaona macho yakifunguka, kisha mashavu, kisha nyuzi za kilemba. Ukiridhika ndipo unapiga. Hapo ndipo hela ya kaka yako ilipokwenda. Zile pikseli milioni 24.2 ni nzuri, ila kwa picha ya kuning'iniza sebuleni hata milioni 18 za 600D zilikuwa zinatosha.

Kinyume chake pia utakiona. Bwana harusi wa suti nyeusi mbele ya mlango wa mbao wa giza, au kina mama wa mabuibui wamepangwa mstari mmoja siku ya Maulidi: kipimo kinaona weusi, kinaongeza mwanga kupita kiasi, nyuso zinapauka. Hapo unashuka chini ya sifuri, tena kwa kuona na si kwa kukisia.

Wakubwa wetu hawakuwa na anasa hii. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza utotoni na Box Brownie ya mtumba, kiboksi ambacho unachungulia kwa juu kwenye kidirisha kidogo na kulia kunaonekana kushoto. Picha yenyewe hukuiona mpaka filamu isafishwe. Kwa hiyo usiruhusu mtu akuambie kitundu cha umeme kinatengeneza mpiga picha. Kinachofanya ni kukuonyesha kosa lako ukiwa bado na muda wa kulirekebisha, na kwa anayejifunza bila mwalimu hilo si dogo.

Lakini mdogo wangu, kitundu nacho kinadanganya, tena kwa upole. Mwangaza wake unaweza kupandishwa na kushushwa kwenye menyu. Ukiupandisha ili uone vizuri juani, ukaingia nao kanisani, kila picha itaonekana inang'aa humo ndani, halafu ukishuka kuchapa zinatoka nyeusi na mteja anakuuliza kama ulipiga usiku. Uache katikati, usiuguse. Kisha washa ile grafu ya mwanga ionekane pembeni ya fremu. Vilima vikigonga ukuta wa kulia, shela la bibi harusi limeungua na hakuna programu ya kulirudisha. Vikirundikana kushoto na nafasi ya kulia iko tupu, uso umezama. Grafu haijali mwangaza wa skrini, ndiyo shahidi wako.

Jambo lingine nililolipenda: kitundu hiki kinakuonyesha fremu nzima. Cha 600D kinaonyesha kama asilimia 95 tu, ile iliyobaki inajificha pembezoni. Ndiyo maana zile picha zako za familia zilikuwa zikitoka na ndoo ya bluu ambayo unaapa hukuiona. Ni kweli hukuiona.

Ukivaa miwani, au hata usipovaa, tafuta kigurudumu kidogo kilicho karibu na kitundu. Kigeuze mpaka maandishi ya ndani, siyo mandhari, yawe makali. Nimeona watu wakilalamika kitundu kina ukungu kumbe hawajakigusa hicho. Na sisi wa mitandio tuna letu: kuna kihisio karibu na kitundu kinachotambua jicho likikaribia, kikazima skrini ya nyuma na kuwasha ya ndani. Kihisio hicho hakitofautishi jicho na kitambaa. Mtandio ukidondoka mbele yake skrini ya nyuma inazimika, unaanza kuipigapiga kamera bila kosa. Ufunge kwa nyuma ukiwa kazini, au kwenye menyu uchague mwenyewe skrini ipi iwake.

Kihisio hicho hicho kinanileta kwenye betri. Kwenye kamera ya kioo, kuchungulia ni bure kabisa, unaweza kuchungulia mpaka jioni. Kwenye hii, kutazama ni kutumia umeme: sensa iko macho, kichakataji kiko macho, kiskrini kinawaka. Ukiitundika kifuani ikiwa imewashwa, kifua kinadhaniwa jicho, na umeme unaendelea kuvuja wakati wewe unakula pilau. Harusi ya kwenu naijua, inaanzia nyumbani kwa bibi harusi alfajiri, inakwenda ibadani, inaishia ukumbini usiku wa manane. Usiende na betri moja. Mbili ni za kuanzia, tatu ndiyo amani. Na zile za 600D hazitaingia, ni LP-E8, hii inataka LP-E17. Kwa bahati nzuri inapokea chaji kwa waya wa USB-C, ila inataka chaja au pawabenki ya aina ya PD. Ile ya kuchajia kitochi haitaiamsha. Umeme wa milimani tunaujua unavyokatika siku ya mvua, kwa hiyo chaji usiku uliotangulia, usingoje asubuhi.

Ukifika ukumbini kuna mambo mawili yatakayokutoa jasho.

La kwanza ni flashi. Utaweka kamera kwenye M, 1/160, f/8, ISO 100, flashi iko kwenye stendi na trigga ya redio juu ya kamera. Utachungulia na kukuta giza tupu. Hakijaharibika kitu. Kitundu kinatii, kinakuonyesha picha itakavyokuwa bila flashi, maana hakijui kwamba mwanga mwingine unakuja. Ingia kwenye menyu, uzime ule mpangilio wa kuonyesha matokeo ya mwanga, utaona kama kawaida. Ukimaliza uuwashe, la sivyo kesho kwenye ukungu utakuwa umerudi kwenye kukisia. Tena kabla hujaahidi kazi yoyote, hakikisha flashi na trigga zako za zamani zinakubaliana na kamera mpya. Baadhi ya kamera za sasa zimebadilisha pale juu pa kuchomekea flashi, na utahitaji kifaa cha kati. Ni afadhali ulijue hilo chumbani kwako kuliko mbele ya kamati ya harusi.

La pili ni taa. Kamera hii inaweza kupiga kimya kabisa, bila mlio, na utashawishika kuitumia hivyo kwenye kipaimara, wakati wa sala. Sensa inaposoma kimya inasoma mstari baada ya mstari, na umeme wetu wa hetsi 50 unafanya taa nyingi kupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, sensa inaona, na mchungaji anatoka na mistari ya giza kama pundamilia. Weka kasi ya shata 1/50 au 1/100, na mistari ikiendelea achana na ukimya. Ule mlio mdogo haujawahi kuvunja ibada ya mtu.

Lenzi iliyokuja nayo, 18-45, ni nyepesi na inafaa mchana, lakini tundu lake ni dogo, f/4.5 mpaka 6.3, kwa hiyo usiku inakulazimisha kupandisha ISO mpaka nyuso zinaota mchanga. Umeniambia una lenzi ya 50mm f/1.8 ya 600D. Mdogo wangu, hiyo ndiyo dhahabu yako. Tafuta adapta ya EF kwenda RF, uifunge, itafanya kazi na itashika fokasi yenyewe. Kama kaka yako anauliza akutumie nini tena, mwambie hiyo adapta na betri, asikununulie lenzi ndefu ya kupigia simba. Ukinunua mwenyewe Kariakoo, dai risiti ya EFD na uandikiwe namba ya kifaa.

Sasa hali ya hewa yetu. Mwili wa R50 haujazibwa dhidi ya maji, na masika ya Machi mpaka Mei huko kwenu hayabishi hodi. Mfuko wa plastiki wenye tundu la lenzi unatosha. Asubuhi za baridi pumzi yako itapaka kitundu ukungu. Futa kwa kitambaa laini, usitumie ncha ya kanga yenye vumbi, na jifunze kupumulia pembeni. Jambo linaloharibu zaidi ni safari ya kushuka. Ukitoa kamera kwenye ubaridi wa Bungu ukaifungua Korogwe kwenye joto na unyevu, matone yanajikusanya juu yake, na mengine ndani. Iache ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la huko. Ukirudi nyumbani ihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye viatu, maana ukungu wa kuota kwenye lenzi milimani kwetu ni ugonjwa wa kweli na haufutiki kwa kitambaa.

Na tafadhali, kamera isikae mezani kitundu kikitazama jua. Kile kioo cha kuchungulia kinakusanya miale na kuishusha juu ya kiskrini cha ndani, kinaungua doa lisilotoka. Kwenye 600D hili hukuwahi kuliwaza.

Umeuliza pia kama inafaa kwa wageni wanaokuja kutazama misitu. Inafaa, na hapa niseme kidogo kwa sababu nalipenda jambo hili. Kamera imefundishwa kutambua watu, na kwa wanyama inajua wachache kama mbwa, paka na ndege. Lumbwi wetu wa pembe mbili, yule ambaye watu wanatoka Ulaya kumtafuta Usambara, haimjui. Atakaa kwenye jani, nayo itashika fokasi kwenye jani la nyuma yake kwa ujeuri wote. Hamia fokasi ya mkono. Kitundu kitakukuzia jicho lake mara kadhaa, na ukiwasha msaada wa fokasi kingo zilizo kali zinapakwa rangi. Unazungusha taratibu mpaka rangi inakaa kwenye jicho, unapiga. Na kamera ya kioo jambo hilo ungelifanyia kwenye skrini ya nyuma, mkono umenyooshwa, jua linakupofua. Ukipanda Mazumbai, ule msitu ulio chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, omba ruhusa kwanza, na lumbwi usimhamishe tawi ili apendeze.

Ruhusa ni kwa watu pia. Kamera ndogo isiyo na mlio inatia tamaa ya kupiga kina mama wa gulio bila wao kujua. Tangu tupate Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sura ya mtu si kitu cha kuokota na kukiweka kwenye tangazo lako. Lakini hata isingekuwepo sheria, yule mama anayeuza magimbi ni shangazi wa mteja wako wa mwezi ujao.

Kuhusu 600D: ibaki. R50 ina nafasi ya memori kadi moja tu, na kadi ikifa katikati ya harusi hakuna nakala. Mpe mdogo wako wa kiume 600D na lenzi yake ya kit, apige umati, keki na wazee, wewe ukishughulika na maharusi. Badilisha kadi baada ya ibada, ile ya kwanza itie mfukoni kwako, usiiache kwenye begi.

Bei usipandishe kwanza. Kabla ya harusi yoyote ya kulipwa, mwombe mama akusimamie kwenye chai asubuhi yenye ukungu. Mpige akiwa kwenye sifuri, kwenye +1, na juu ya hapo. Shuka na hizo picha studio unakochapia, uzitazame kwenye karatasi, nje, kwenye mwanga wa mchana. Ile itakayoonyesha uso wake kama unavyoujua, andika namba yake nyuma kwa kalamu, kisha uniandikie ni ngapi. Ya kwangu huku Soni inakaribia +1.3, na nina hamu ya kujua kama ukungu wenu ni mzito kuliko wetu.